Siku ya Wafuaji

Zamu ya upatu ilipomwangukia Eulalie
hakununua friji. Alisema: tupande boti,
sote sita, tulipe kama wageni,
tukashikwe mkono tukipanda, tukaitwe mabibi.
Miaka ishirini na mbili tumefua taulo
zinazorudi na mchanga wa Buccoo.
Mchanga ule tunaujua kwa kidole.
Bahari yenyewe tuliiona dirishani,
kupitia mvuke wa pasi.

Nahodha Orville alitugawia miwani ya mpira
na mirija ya kupumulia, myekundu kama pilipili.
Temeni mate kiooni, akasema, kisipate ukungu.
Marvalyn, mzee wa kanisa, hatemi mbele za watu;
aligeuka, akatema kama anayesali.
Boti ile ina kioo sakafuni.
Tukainama sote upande mmoja, makalio juu,
hadi chombo kikalala,
na Orville akapiga kelele: mabibi, gawanyeni uzito,
hili si beseni!

Maji yale nitayasemaje?
Si buluu ya zile kadi za posta
tunazozipangusa vumbi pale mapokezi.
Hayana rangi hata kidogo, mpaka uwe mbali nayo.
Nilichovya mkono, nikaona kovu la pasi,
nikaona na alama ya pete niliyoacha kuivaa.
Hayafichi.

Nilishuka ngazi kinyumenyume. Uso ndani.
Pumzi yangu ikavuma masikioni
kama mashine namba nne, ile inayogonga ikizunguka.
Samaki wa mistari walipita, sare kama pajama za hospitali.
Pono wa kijani alikuwa anatafuna jiwe,
nilimsikia, kra, kra,
kama mtoto na barafu.

Kisha bonde, na bonde lile lilikuwa jeupe.
Jeupe la kuumiza macho,
tawi juu ya tawi, bila doa, bila mkunjo.
Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwanza.
Kazi safi, niliwaza, nani kafua?
Nikaibuka, nikatoa mrija, nikamuuliza Orville.
Alitazama kando.
"Joto," alisema. "Tangu Agosti maji yana homa.
Tumbawe likizidiwa hutapika rangi yake.
Unachokiona ni mfupa.
Halijafa bado. Tukipata baridi, huenda."
Huenda nini, hakusema.

Sikurudi chini upesi.
Nilishika kamba kwa mikono hii
iliyoajiriwa kwa ajili ya weupe,
iliyoandikiwa barua ya pongezi kwa weupe,
iliyobanduka ngozi kwa dawa ya weupe,
na sikujua, hadi Jumapili ile ya Oktoba,
kwamba kitu kinaweza kung'aa hivi
kwa kuugua.

Ng'ambo ya boti Verlyn alikuwa anapiga mayowe.
Ameona taulo, limenasa kwenye miamba.
Hajui kuogelea, anaelea tu ndani ya koti lake la machungwa,
kwa hiyo alimwelekeza Orville kwa kidole,
kushoto, kushoto zaidi, wewe huoni?
bosi kamili.
Likaja juu limeota kijani,
na kaa mdogo ndani ya pindo.
Herufi za buluu pembeni: la kwetu.
Kaa tulimrudisha.
Halafu, bila kuambizana,
wawili huku, wawili kule, tukalikamua,
tukalikunja mara tatu kwa urefu, mara mbili kwa upana,
kona ndani.
Orville alitutazama kama watu waliorukwa na akili.

"Kijani hiki hakitoki," alisema Marvalyn,
akikisugua kwa dole gumba.
"Hata kwa dawa?"
"Hata kwa dawa."
Wala hakuna aliyesikitika.

Tukamalizia Bwawa la Nailoni,
ambako maji hufika kiunoni na wageni hupigwa picha.
Tulipigwa picha.
Ninacheka mle, na kicheko ni cha kweli,
sitakikana.
Eulalie amefumba macho. Verlyn hajavua koti.
Taulo liko begani mwa Marvalyn,
bichi, linachuruzika.